Farasi-bahari na kitu cha kushika: anapoishi, kinachommaliza, na kazi ngumu ya kumlea matangini

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam na habari za siku nyingi.

Wiki iliyopita kijana mmoja mvuvi, mtoto wa jirani yangu, aliniletea farasi-bahari aliyekauka ndani ya kopo la maziwa. Alimkuta amejiviringisha kwenye jarife lake, akamwanika juu ya bati, na sasa alitaka kujua mambo mawili: kama ni kweli mnyama huyu ana bei, na kama haiwezekani kumfuga kwenye tangi azaliane kama kuku, ili watu waache kumtoa baharini. Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu adhana ilikuwa imekaribia. Usiku nilipolala nikawa nalirudia lile swali lake la pili, kwa kuwa ndilo wanaloulizana wataalamu wa nchi nyingi, na majibu yake si mepesi. Nimeona nililete hapa kwa kirefu, nikianza na makazi yake, maana ugumu wa kumlea nje ya bahari unatokana na jinsi anavyoishi ndani ya bahari.

Farasi-bahari ni samaki. Nalisema hili mapema kwa kuwa nimesikia watu wakimweka kundi moja na kamba au jongoo bahari. Ana matamvua ya kupumulia, ana mapezi na ana uti wa mgongo, ila badala ya magamba amevikwa vipande vya mfupa vilivyoungana kama pingili za muwa, na pale ambapo samaki wengine wana pezi la mkia yeye ana mkia wa kukunja na kushikia. Huogelea wima, akisukumwa na pezi dogo la mgongoni linalopepea mara 30 na zaidi kwa sekunde moja, na pamoja na jitihada hiyo yote hasogei sana. Changu akisukumwa na mkondo hugeuka akaupasua. Farasi-bahari akikutwa na maji ya bamvua hana kitu cha kushika, anachukuliwa. Kwa hiyo tukisema makazi yake ni bahari tunakuwa bado hatujasema kitu. Makazi yake ni unyasi, tawi au mzizi anaoweza kuuzungushia mkia, mahali ambapo maji si ya kina kirefu na vidudu vya kula vinapita mbele ya mdomo wake.

Kitu hicho cha kushika hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kwenye mwambao wetu mara nyingi ni nyasi za baharini, zile zinazoonekana kama shamba la mpunga maji yanapokupwa. Penye mikoko ni mizizi iliyozama. Penye matumbawe ni matumbawe laini, sponji, au mwani ulioota juu ya jiwe. Aina za farasi-bahari zinazojulikana duniani zimeshapita 40, na baadhi ni wadogo wasiofika hata sentimita 2, wanaoshinda maisha yao yote juu ya tawi moja la tumbawe linalofanana nao rangi. Mkubwa kuliko wote, wa Australia na New Zealand, hufikia sentimita 35. Kwetu Afrika Mashariki wapo kadhaa, miongoni mwao yule mwenye miiba, na yule ambaye jina lake la kisayansi, *Hippocampus camelopardalis*, linamfananisha na twiga. Huyu wa twiga ni wa upande huu wa Bahari ya Hindi, na katika orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira amewekwa kwenye fungu la viumbe ambao taarifa zao hazitoshi kuamua hali yao. Jambo hilo hunisikitisha. Samaki wa kwetu, anayeishi hatua chache kutoka tunapofunga ngalawa, na hakuna anayeweza kusema kama anapungua au anaongezeka.

Kuhusu chakula, hana meno wala hana tumbo la kuhifadhia. Anavizia, anageuza macho yake mawili kila moja upande wake, na uduvi ukikaribia anaunyonya kwa ule mdomo mrefu kwa kasi ambayo jicho letu haliwezi kuifuata. Kwa kuwa chakula kinapita mwilini haraka, inambidi ale mchana kutwa. Naomba mlishike hili la tumbo, kwa sababu nitalirudia tutakapofika kwenye matangi.

Kuhusu uzazi, wengi mnajua kwamba dume ndiye anayebeba mimba. Jike huyaingiza mayai ndani ya mfuko ulioko mbele ya tumbo la dume, dume huyarutubisha humo, huyapa hewa na kuyalinda kwa muda wa wiki mbili hadi nne hivi kulingana na aina na joto la maji, kisha huzaa kwa kujikamua kama mtu mwenye uchungu. Watoto huwa makumi kwa aina nyingine na zaidi ya 1,000 kwa aina nyingine, na karibu wote huliwa au hupotea kabla ya kukua. Wazazi hawawafuati tena. Lakini wazazi wenyewe, katika aina nyingi, hukaa pamoja msimu mzima, na kila asubuhi jike huja mahali pa dume wakasalimiana kwa kubadili rangi na kuzungukana. Wanaishi wachache wachache, kila mmoja katika eneo lake dogo. Mmoja akichukuliwa, aliyebaki hampati mwingine kwa urahisi, na msimu unaweza kumpita bila kuzaa.

Mleta uzi (naendelea):

Sasa kinachowamaliza. Mtu akitaja farasi-bahari, haraka tunazungumzia dawa za Kichina, na ni kweli kwamba waliokaushwa wengi huishia kwenye maduka ya dawa za asili ya Asia ya Mashariki. Mwaka 1996 mtafiti Amanda Vincent alichapisha ripoti iliyoufungua ulimwengu macho: kwa makadirio yake, mwaka 1995 farasi-bahari wapatao milioni 20 walikuwa wameuzwa na kununuliwa, katika biashara iliyogusa nchi zisizopungua 32. Mwaka huohuo wa 1996 yeye na Heather Koldewey walianzisha mradi wa Project Seahorse, ambao hadi leo ndio unaotoa sehemu kubwa ya elimu tuliyo nayo juu ya mnyama huyu. Pwani yetu nayo imo katika hesabu hiyo, kwani watafiti waliowahoji wavuvi na wafanyabiashara wa Kenya na Tanzania walikuta kwamba waliokaushwa walikuwa wakisafirishwa kutoka huku kwenda Asia.

Hata hivyo mnunuzi ni mwisho wa safari, na mimi nataka tuitazame mwanzo wake. Wavuvi wengi duniani hawatoki nyumbani kwenda kumtafuta farasi-bahari. Wanamkuta. Meli inayokokota wavu wa kamba juu ya mchanga inakwangua kila kilichosimama, na ndani ya lundo hilo wamo farasi-bahari wawili au watatu kwa usiku mmoja. Mwenye meli anaweza kuapa kwamba hawavui, na kwa idadi ya meli yake yuko karibu na ukweli. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ukikusanya taarifa za nchi 21, ulikadiria kwamba zana za namna hiyo na nyinginezo huwatoa farasi-bahari wapatao milioni 37 kila mwaka. Nyavu zinazokokotwa zina ubaya wa pili, nao ni kung'oa nyasi na sponji, ili hata yule aliyeponyoka kwenye tundu la wavu abaki bila cha kushika.

Mataifa yalijaribu kulishughulikia upande wa biashara. Mwaka 2002, katika mkutano uliofanyika Santiago, Chile, farasi-bahari wote waliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, na uamuzi ukaanza kutumika Mei 2004. Watu hudhani hiyo ni marufuku, na sivyo. Maana yake ni kwamba nchi ikitaka kuwauza nje lazima itoe kibali, na kabla ya kibali ijiridhishe kuwa biashara hiyo haiharibu uhai wa mnyama baharini. Ili kurahisisha kazi, ilipendekezwa pia wasiuzwe walio chini ya sentimita 10, kwa hoja kwamba wengi waliofika kimo hicho watakuwa wameshazaa angalau mara moja. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa mkataba huo. Kilichofuata kinafundisha: nchi nyingi zilizokuwa zikiuza ziliacha kutoa vibali, Thailand iliyokuwa muuzaji mkubwa kuliko wote ikasimamisha mwanzoni mwa mwaka 2016, lakini wavu haukusimama. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa takriban asilimia 95 ya farasi-bahari waliokauka katika soko la Hong Kong walitoka kwenye nchi ambazo zilikuwa zimekataza kuwauza nje. Karatasi ilibadilika, lundo lililoko sitahani halikubadilika.

Kisha kuna uharibifu usiohusu biashara yoyote. Naujua wa kwetu kwa macho. Sehemu za nyasi nilizopita nikichokoa pweza na mama yangu, nikikanyaga kwa tahadhari kwa sababu ya miiba, leo ni mchanga mtupu. Juya la kukokota linalovutwa hadi ufukweni limekatazwa na sheria za nchi zetu mbili, na bado kuna fukwe ambako linavutwa asubuhi na jioni. Kuna udongo unaoletwa na mito baada ya milima kulimwa, unaotia maji giza hadi nyasi zikakosa jua. Kuna mikoko iliyokatwa, kuna nanga za boti za utalii zinazochora duara kwenye nyasi kila upepo unapogeuka. Na kuna jambo ambalo watafiti wa pwani ya kusini ya Kenya wamelieleza vizuri: kikande na samaki wengine wanaokula wale wanyama mviringo wenye miiba wanapovuliwa kupita kiasi, wanyama hao wa miiba huongezeka, nao hula nyasi za baharini hadi mizizi. Mtu anakula kikande wake mchana kwa ugali, hajui kwamba ameshiriki kuondoa shamba la farasi-bahari.

Mchangiaji (mvuvi, kaskazini mwa Tanga):

Ndugu mleta uzi, ahsante. Mimi nimevua miaka zaidi ya 30 na naunga mkono hili la nyasi. Zamani tulipotega madema kwenye majani hatukukosa kumwona farasi mmoja au wawili wameshika ufito wa dema kwa nje, hasa dema likikaa siku nyingi likaota ukungu wa mwani. Watoto walikuwa wakiwachukua kuchezea. Siku hizi mwezi unapita sijaona hata mmoja. Nyakati za baruti ndizo zilizotuharibia zaidi, kwa sababu baruti haichagui, na ingawa sasa imepungua sana, jiwe lililopasuka halijarudi kuwa jiwe. Nina neno juu ya kina mama wa mwani pia, nao ni wake zetu na dada zetu: shamba jipya linapoanzishwa hung'oa nyasi chini ya kamba ili wasikwaruzwe na wasichomwe. Sisemi waache kulima. Nasema labda kuna namna ya kulima bila kung'oa.

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru kwa ushahidi huo. Hilo la farasi-bahari kushika ufito wa dema ni kubwa kuliko ulivyolisema, na nitaomba kulitumia nitakapoeleza kilichofanyika Australia. Kuhusu mwani nakubaliana nawe neno kwa neno. Tafiti za Zanzibar zimeonyesha kuwa nyasi chini ya mashamba ya mwani huwa chache kuliko zile za pembeni, na ni haki kulisema bila kuwabebesha mzigo wote wanawake ambao mwani huo ndio unaowalipia watoto wao ada. Kupanda penye mchanga mtupu, au kuning'iniza kamba kwenye maji marefu zaidi, ni mambo ambayo wakulima wenyewe wanaweza kuyajaribu wakisaidiwa vyombo.

Mchangiaji (mwanafunzi, Mombasa):

Shikamooni. Mimi nasoma sayansi ya bahari mwaka wa pili. Naona mleta uzi hajafika kwenye swali la kijana. Ikiwa dume mmoja anazaa mamia, na ikiwa baharini karibu wote wanakufa, je, si ingekuwa rahisi kuwalea matangini hadi wawe wakubwa kisha kuwarudisha? Na hao wa biashara si wangetolewa kwenye matangi hayohayo?

Mleta uzi:

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali mawili yaliyofungwa pamoja, nami nitayafungua moja baada ya jingine.

Kwanza, je, wanaweza kulelewa? Wanaweza, na leo aina kadhaa huzalishwa matangini kizazi baada ya kizazi, hata sehemu kubwa ya farasi-bahari hai wanaouzwa kihalali kwa wafugaji wa samaki wa mapambo wamezaliwa kwenye matangi. Lakini elimu hiyo ilipatikana kwa vifo vingi. Aliyetolewa baharini akatiwa tangini mara nyingi hugoma kula, kwa sababu yeye huvizia kinachotembea, na uduvi uliogandishwa hautembei. Asipokula kwa siku chache anadhoofika upesi, kwa sababu ile niliyowaomba mlishike: hana tumbo la kuweka akiba. Mlezi analazimika kumpa chakula hai, kisha amzoeze kidogo kidogo kilichokufa, mara mbili tatu au zaidi kwa siku, na kila mabaki yaondolewe kabla hayajaoza na kuchafua maji kwa amonia. Hawezi kuchanganywa na samaki wepesi, watamaliza chakula yeye akiwa bado anakitazama. Mkondo wa tangi usiwe mkali wala usiwe umekufa. Tangi liwe refu kwenda juu, angalau mara tatu ya kimo chake, kwa sababu dume na jike hupanda pamoja kuelekea juu wakati wa kupeana mayai, na tangi likiwa fupi mayai hudondoka chini yakapotea. Magonjwa nayo ni mengi: bakteria wa jamii ya Vibrio hula ngozi na mkia maji yakipata joto kupita kiasi, na madume hupatwa na mapovu ya hewa ndani ya mfuko wa uzazi yanayowafanya waelee juu kama boya hadi wafe wasipotolewa.

Watoto ndio mtihani mkubwa. Wanazaliwa na urefu wa karibu sentimita moja au chini yake, na tangu saa ya kwanza wanahitaji chakula hai kinachoingia kwenye mdomo mwembamba kama sindano. Vifaranga vya artemia, wale wadudu wa maji ya chumvi wanaoanguliwa kwenye chupa, ndio chakula cha kawaida, ila peke yake havina virutubisho vya kutosha, inabidi vilishwe kwanza mafuta na mwani mdogo ndipo viliwe. Katika aina nyingi watoto huelea juu siku za mwanzo, humeza hewa kwenye uso wa maji, na hewa hiyo huwaua. Walezi waligundua matangi ya mviringo yenye mkondo wa kuzunguka taratibu unaowazuia wasikae juu. Fikiria mtu anayelisha watoto 500 wa namna hiyo mara tano kwa siku, na kila siku anaangua chakula kipya. Hiyo ni kazi ya watu wenye maabara, umeme usiokatika, na mshahara.

Pili, je, wanaweza kurudishwa? Mfano ninaoujua vizuri ni wa Sydney. Bandari ya Sydney na ghuba za jirani zina farasi-bahari wao, *Hippocampus whitei*, ambaye hapatikani nje ya mashariki ya Australia. Kule Port Stephens, kaskazini ya Sydney, matumbawe laini aliyokuwa akiyashika yalifukiwa na mchanga uliohama na kuharibiwa na nanga, na ndani ya miaka michache idadi yake katika baadhi ya maeneo ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 90. Sasa anatambuliwa kuwa yuko hatarini kutoweka. Wazamiaji, akiwemo mtafiti David Harasti, walikuwa wameona jambo: farasi-bahari walikuwa wakihamia kwenye mitego ya zamani ya kaa iliyoachwa chini ya maji, ile iliyoota sponji na mwani. Mzee wetu wa Tanga, ni lilelile ulilolisema la dema. Wakatengeneza masanduku ya nondo na wavu wa chuma kwa mfano wa mitego hiyo, wakayaita hoteli za farasi-bahari, wakayashusha mapema ili yaote viumbe na kukusanya vidudu vya kuliwa. Chuma chenyewe huliwa na kutu taratibu kikaanguka, kikiacha kichaka cha viumbe vilivyoota.

Sambamba na hilo, wataalamu wa nyumba ya maonyesho ya samaki ya SEA LIFE mjini Sydney waliwazalisha matangini farasi-bahari waliotokana na wazazi wa bandari hiyohiyo. Mei 2020 wakawaachia vijana 90 katika ghuba ya Chowder, wengine kwenye hoteli hizo na wengine kwenye nyavu za mahali pa kuogelea, kila mmoja akiwa ametiwa chini ya ngozi alama ndogo ya rangi inayong'aa ili atambuliwe tena. Wazamiaji waliorudi miezi iliyofuata waliwakuta baadhi yao wakiwa hai na wakizaana. Idadi ya waliokutwa ilikuwa ndogo kuliko ya walioachiwa, kama inavyotarajiwa kwa mnyama anayeliwa na wengi.

Utaona mpangilio wa kazi ile. Makazi yalitangulia, watoto wakafuata. Wazazi walitoka palepale, ili damu ya mahali isichanganywe na ya mbali na ugonjwa wa matangini usipelekwe kwa waliobaki baharini. Hesabu ilifanywa kabla na baada. Kama wangewamwaga vijana wale juu ya mchanga mtupu wa Port Stephens, mkondo wa siku ya kwanza ungewamaliza, na magazeti yangekuwa yameshapiga picha.

Sasa hao wa biashara. Matumaini ni kwamba mfugaji atamshinda mvuvi kwa bei. Kwa farasi-bahari hai wa mapambo hilo limetokea kwa kiasi fulani, kwa sababu mnunuzi anamtaka aliyezoea chakula cha tangi. Kwa waliokauka sioni likitokea kwa urahisi, kwa maana mvuvi wa kamba hakutumia hata senti moja ya ziada kumpata farasi-bahari. Amekuja mwenyewe na lundo, amekaushwa na jua la bure. Mfugaji aliyelipa umeme, chakula hai na wafanyakazi atamshindaje? Na upo mlango wa udanganyifu: mtu huchukua dume mwenye mimba baharini, akamzalisha tangini wiki inayofuata, akaandika kwenye kibali kuwa watoto ni wa kufugwa.

Mchangiaji (Dar es Salaam):

Mkuu, umeeleza vizuri, lakini Australia ni nchi yenye fedha. Bara letu lina mfano wowote?

Mleta uzi:

Upo, tena ni wa kwetu Waafrika kabisa. Pwani ya kusini ya Afrika Kusini kuna farasi-bahari wa Knysna, *Hippocampus capensis*, mdogo asiyezidi sana sentimita 12. Anajulikana kwa kuishi katika milango ya mito mitatu tu: Knysna, Swartvlei na Keurbooms. Ndiye farasi-bahari wa kwanza kuandikwa rasmi kuwa yuko hatarini kutoweka, na sababu kubwa ni udogo wa makazi yake. Mwaka 1991 mlango wa Swartvlei ulipofunguka na maji kushuka ghafla, nyasi zilibaki nje juani, na farasi-bahari wapatao 3,000 walikutwa wamekufa. Tukio moja, watu hawakuwavua, na idadi kubwa namna ile ikaondoka.

Kinachonivutia zaidi kimetokea Knysna yenyewe. Kisiwa cha Thesen, kilichokuwa na kiwanda cha mbao, kiligeuzwa kuwa makazi ya watu yenye mifereji, na kingo za mifereji zikawekwa magodoro ya waya yaliyojazwa mawe ili udongo usimomonyoke. Hakuna aliyewaza farasi-bahari. Watafiti, akiwemo Louw Claassens, walipohesabu wakakuta humo wengi kuliko kwenye nyasi nyingi za asili za mlango huo wa mto. Waya ulikuwa kitu cha kushika, na mawe yalikuwa na mwani wenye vidudu. Sisemi tujaze waya baharini, na watafiti wenyewe hawakusema nyasi ziachwe zife. Ila mhandisi wa gati au ukuta wa bahari pale Dar, Mombasa au Mtwara anayeweka zege laini angeweza, kwa gharama ndogo, kuweka uso wenye matundu na mikwaruzo. Ni jambo la kulileta mezani wakati michoro bado iko kwenye karatasi.

Kwetu, kabla ya kufikiria matangi, ningependa kwanza tuwahesabu. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, na Malindi tangu 1968. Nyasi zipo ndani ya mipaka yake, wazamiaji na walinzi wapo. Kuandika mahali, kina, aina na kimo cha kila farasi-bahari anayeonekana hakuhitaji maabara, na miaka mitano ya daftari kama hilo ingemtoa yule wa twiga kwenye fungu la wasiojulikana.

Mchangiaji (kijana aliyetajwa mwanzoni):

Mzee, ni mimi wa kopo la maziwa. Nimesoma yote. Nikimpata mwingine akiwa hai nifanye nini?

Mleta uzi:

Karibu jukwaani mwanangu. Usimvute. Akishika uzi wa jarife anashika kwa nguvu, na ukimnyofoa unavunja mkia au unapasua ngozi kwenye pingili. Mtie yeye na kile kipande cha wavu ndani ya ndoo yenye maji ya bahari, usimwache juani, umsubiri alegeze mwenyewe. Ukiona anachelewa, msogezee unyasi au kipande cha kamba, mara nyingi atahamia. Mkono wako uwe umelowa. Mtazame tumbo: akiwa na mfuko uliovimba chini ya kifua, huyo ni dume mwenye mimba, na una mamia ndani ya ndoo. Usimwachie juu ya maji marefu ulikomtoa wavuni ukiondoka kwa mashine, kwa sababu atazama akipelekwa na mkondo na samaki wakimtazama. Mrudishe kwenye nyasi zilizo karibu zaidi na hapo ulipomkuta, umshushe kwa mkono hadi mkia uguse jani, na usiachie mpaka umeona ameshika. Kisha andika tarehe na mahali kwenye lile daftari lako la deni la mafuta, nami nikija Ijumaa nitainakili.